Gari Lisilotaka Kuchanganya

Gari huhesabiwa kuwa limepungukiwa nguvu pale dereva anapokanyaga mafuta, injini ikanguruma, na mwendo ukabaki palepale. Mafundi husema gari halivuti, limekuwa zito, au linachelewa kuchanganya. Ugonjwa huu haujitokezi gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Hujitokeza penye mashahidi. Jijini Dar es Salaam mahali hapo mara nyingi ni mwinuko wa kutoka Ubungo kwenda Kimara, saa ya watu kurudi nyumbani, ambapo bajaji yenye abiria watatu na godoro la futi tano kwa sita juu ya paa hulipita gari dogo upande wa kushoto, na dereva wa bajaji hugeuka kuangalia kama ndani kuna mtu.

Mwenye gari haendi gereji siku hiyo. Kwanza huzima AC, akaona nafuu kidogo, akaamua kwamba shida ilikuwa joto. Baada ya hapo huanza kuchagua njia zisizo na milima, hata kama zinamzungusha. Kisha hujifunza kuchukua mwendo tangu mbali, na abiria wake wa kila siku huzoea kunyamaza mlima unapokaribia. Mke akisema gari lina shida, mume hujibu kuwa gari liko sawa, barabara ndiyo imepanda.

Ushauri hupatikana bure na kwa wingi. Shemeji aliyewahi kubadilisha plagi husema ni plagi. Jirani aliyebadilisha pampu ya mafuta mwaka jana husema ni pampu, na yuko tayari kuapa. Kijana wa kuosha magari husema injini inahitaji kuoshwa. Kila mmoja hulitibu gari la mwenzake kwa ugonjwa wa gari lake, na kwa kuwa magari yao wote yalipona, hakuna wa kubishana nao.

Injini ya petroli yenyewe haina siri kubwa. Huhitaji hewa, petroli, cheche kwa wakati wake, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na njia wazi ya kutolea moshi. Kwa kila kilo moja ya petroli huvuta karibu kilo 14.7 za hewa, na uwiano huo ukiyumba sana nguvu hupungua. Nguvu ikishapatikana, lazima ifike kwenye matairi bila kupotelea kwenye giaboksi au kuliwa na breki. Chochote kinacholidhoofisha gari kimejificha mahali fulani kwenye mlolongo huo, na uchunguzi ni kazi ya kuufuata, kuanzia vitu vya bure kwenda vya gharama. Gereji nyingi huufuata kinyume, au huanzia kwenye spea ambayo duka la rafiki yake fundi linayo siku hiyo. Maneno ya kujihadhari nayo ni "tujaribu kwanza kubadilisha hii". Hapo anayejaribu ni fundi, na anayelipia jaribio ni mwenye gari.

Hatua ya bure kabisa ni kuangalia kama gari linazuiwa na kitu. Handibreki iliyobaki imepanda jino moja au mawili huweza kusafiri nayo mtu kutoka Mbagala hadi Posta. Taa yake huwaka kwenye dashibodi, ila dashibodi ya gari la umri huo huwa na taa nyingine nne zinazowaka, na ya tano haimshtui mtu. Breki za mbele nazo huganda pale pistoni ya kalipa inaposhika kutu na kushindwa kurudi. Kuzipima ni rahisi: gari liendeshwe kilomita chache bila kukanyaga breki kwa nguvu, lisimamishwe, kisha mkono usogezwe karibu na kila rimu. Rimu moja ikiwa na moto kuliko zenzake, kazi imekwisha. Mkono usogezwe tu, usishike. Karibu kila gereji ina kijana mmoja aliyewahi kushika. Huyo siku hizi hutumia tone la maji. Njia nyingine ni kuweka gia huru kwenye mteremko mdogo na kuachia breki. Gari huru huondoka lenyewe. Lililoshikwa hubaki hapohapo.

Kapeti la miguuni linastahili aya yake. Kapeti la mpira zito, linalouzwa kwenye foleni na kijana anayekimbia sambamba na dirisha, hununuliwa kwa kuwa ni la bei nafuu na lina rangi nzuri, si kwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya gari lile. Huwekwa juu ya kapeti la zamani, ambalo nalo liko juu ya la kiwandani. Taratibu matabaka hayo husogea mbele hadi chini ya pedeli ya mafuta, na kuanzia hapo pedeli haifiki mwisho hata ikanyagwe na mwanajeshi. Gari huwa na nguvu zake zote, lakini nusu yake imefungiwa chini ya mpira. Kuna magari yaliyobadilishiwa plagi, koili na chujio la hewa kabla mtoto aliyekuwa akitafuta kifuniko cha kalamu hajalivuta kapeti. Kwenye magari ya zamani yanayotumia kebo ya mafuta, kebo iliyolegea huleta dalili hiyohiyo: mguu unafika sakafuni, lakini mlango wa hewa kwenye throto haujafunguka wote. Mtu mmoja akanyage injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame mbele. Magari ya karibuni yana kitufe cha ECO, kinachopunguza wepesi wa gari kuitikia mguu ili kuokoa mafuta, na watoto hukipenda kwa sababu kinawaka kijani.

Mzigo nao huhesabiwa. Buti la gari la mkazi wa mjini huwa na galoni la maji, jeki mbili, viatu vya mazoezi ambayo hayakuanza, nusu mfuko wa saruji iliyoganda tangu ujenzi wa ukuta, na betri ya zamani inayosubiri mnunuzi. Upepo wa matairi ukiwa pungufu, injini huongezewa kazi nyingine juu ya hiyo. Hayo yote hurekebishwa kabla boneti halijafunguliwa, na fundi mwaminifu anaweza kupoteza riziki ya siku kwa kuyataja.

Yakishindikana hayo, hufuata mahojiano. Mwenye gari akiwa mgonjwa hufika kwa daktari akieleza hata visivyoulizwa, ila kwa fundi hufika amejikunja, akihofia kila neno litaongezwa kwenye bili.

"Tatizo limeanza lini, bosi?"

"Juzi tu, fundi."

"Kuna kitu kilifanyika kabla?"

"Hakuna. Gari liko vilevile nilivyolinunua."

Baada ya saa moja na nusu, injini ikiwa imefunguliwa, hutokea nyongeza: "Isipokuwa lilioshwa Jumamosi." Huenda hilo ndilo lilikuwa jibu. Mashine ya kuoshea yenye presha, ikielekezwa juu ya injini, huingiza maji kwenye visima vya plagi. Cheche badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi hutafuta njia fupi kupitia unyevu, silinda moja ikaacha kufanya kazi, na gari lililong'arishwa kwa ajili ya harusi likaifikia harusi likitetemeka. Dawa yake ni kuchomoa koili, kupuliza visima hadi vikauke, na kurudisha. Maswali ya maana kwa hiyo ni machache: petroli iliwekwa lini na wapi, nani alilishika gari mara ya mwisho, na tatizo huja injini ikiwa baridi, ikiwa ya moto, au wakati wote. Gari linalokosa nguvu asubuhi tu na gari linalokosa nguvu baada ya nusu saa ya safari hayawezi kuwa na ugonjwa mmoja kwa urahisi.

Taa ya injini huja baadaye, ingawa watu wengi huanzia hapo. Kwanza ithibitishwe kwamba ipo. Ufunguo ukiwashwa kabla injini haijaungurumishwa, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, kuna uwezekano kwamba muuzaji wa gari aliitibu kwa kuitoa au kwa kuibandika utepe mweusi. Ikiwaka na kubaki, kompyuta ya gari imehifadhi msimbo, na mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani huusoma. Mashine haitaji spea ya kununua, hutaja kilichoonekana. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inavyostahili, jambo linaloweza kuletwa na mpira uliopasuka, sensa chafu au pampu dhaifu. Kwenye gereji ya haraka hutafsiriwa kuwa "sensa ya oksijeni imekufa", kwa sababu sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na mleta habari mbaya huhukumiwa wa kwanza. P0300 husema injini inamisi, yaani silinda zinakosa kuwasha, bila mpangilio. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. Taa ikipepesa badala ya kutulia, gari linamisi vibaya na petroli isiyoungua inakwenda kwenye ekzosi. Dereva apunguze mguu na atafute fundi siku hiyohiyo, kwa sababu kosa la plagi moja liko njiani kugeuka kosa la kitu ghali zaidi.

Kwenye upande wa hewa, wa kwanza kutazamwa ni chujio. Kwa gari linalokaa kwenye mtaa wa vumbi, chujio huziba mapema kuliko kitabu cha gari kilichoandikwa Japani kinavyotarajia. Desturi ni kulipeleka kwa mtu wa kujaza upepo wa matairi likapulizwe. Likipulizwa kwa presha kubwa hutoboka, na kuanzia hapo gari huvuta vizuri sana, pamoja na mchanga. Boksi la chujio pia ni nyumba inayopendwa na panya: lina joto, lina giza, na lina karatasi ya kutandika. Fundi anayelifungua kwa mara ya kwanza hukuta maganda ya karanga, vipande vya gunia na wakati mwingine familia, na mwenye gari ambaye kwa miezi miwili amekuwa akilaumu petroli huambiwa kwamba injini yake imekuwa ikivuta pumzi kupitia godoro la mtu mwingine.

Nyuma ya chujio kuna sensa ya hewa, yenye waya mwembamba unaopashwa moto ili kupima hewa inayopita. Waya ukifunikwa na vumbi huhesabu pungufu, kompyuta ikatoa petroli pungufu, na gari likawa zuri mjini na bovu kwenye barabara kuu. Husafishwa kwa sprei yake maalumu, ikaachwa ikauke. Haisuguliwi kwa kitambaa wala kwa mswaki, ijapokuwa mswaki uko mezani na kitambaa kiko mfukoni. Mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa huingiza hewa isiyohesabiwa, na mara nyingi hutoa mluzi. Vijana husifu mluzi huo wakidhani gari limewekwa turbo.

Cheche ndipo penye makosa mengi na ya bei nafuu, kwa hiyo pana thamani ya kukaa. Plagi ikichomolewa husomeka. Ncha ya kijivu au hudhurungi nyepesi ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au cheche dhaifu. Utelezi mweusi wa oili ni habari ya ringi za pistoni au sili za valvu. Weupe wa chaki ni joto kupita kiasi au petroli pungufu. Kwenye udongo mweupe wa plagi unaweza kuonekana mstari mmoja mweusi, mwembamba, unaoshuka kutoka juu hadi chini: huo ndio mpasuko ambamo cheche hutorokea. Injini ikiwa haina kazi cheche hubaki kwenye njia yake, lakini mlima ukianza na mgandamizo kupanda, huona mpasuko ni rahisi zaidi, na gari hukwaruza na kurukaruka kila linapokanyagwa.

Magari mengi ya Toyota yaliyojaa mitaani, IST na Vitz miongoni mwao, yana koili moja juu ya kila plagi, na hilo limerahisisha uchunguzi kuliko watu wanavyojua. Koili ya silinda ya pili huhamishiwa ya tatu, na ya tatu huja ya pili. Msimbo ukihama kutoka P0302 kwenda P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0302, itazamwe plagi ya silinda hiyo, kisha nozeli yake ya petroli. Kipimo hiki huchukua dakika chache na hakigharimu hata senti, na huenda ndiyo sababu hakijapata umaarufu. Kilicho maarufu ni kubadilisha koili zote nne.

Ununuzi wa koili na plagi una mazingira yake. Kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, muuzaji huuliza kama mteja anataka orijino au anataka ya kawaida. Akijibiwa orijino, huingia nyuma ya duka na kurudi na boksi linalofanana sawasawa na lile lililokuwa mezani, bei ikiwa imepanda mara tatu kwa safari hiyo fupi. Plagi bandia hufanya kazi vizuri kwa muda unaotosha risiti kupotea. Plagi za iridiamu halisi zimetengenezwa kwenda hadi kilomita 100,000, na ncha yake ni nyembamba kiasi cha kushangaza; yenye ncha nene na jina la iridiamu huuzwa kwa imani. Koili ya mtumba iliyotolewa kwenye injini iliyokuwa nzima mara nyingi ni salama kuliko mpya isiyojulikana baba yake.

Petroli hulaumiwa mara nyingi kuliko inavyostahili, ingawa lawama hiyo ina historia. Kulikuwa na wakati nchini Tanzania ambapo mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo, yalichanganywa kwenye petroli na dizeli, na kila mwenye gari alijua maana ya kuchakachua. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi faida ya mchezo huo ikapungua. Petroli yenye mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda. Sensa ikisikia kugonga, kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda injini, na nguvu hushuka. Leo gari likikwama, mwenye gari bado huanza na kituo alichojaza jana, hata kama jana alijaza ya shilingi elfu tano.

Hizo elfu tano ndizo zenye hatia kubwa zaidi. Pampu ya petroli hukaa ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Gari linaloishi na taa ya mafuta imewaka, likiongezwa kidogokidogo kadiri ya safari iliyo mbele, huchemsha pampu yake kila siku na kuilisha uchafu wa chini ya tangi. Pampu iliyochoka hutosheleza injini kwenye foleni. Huzidiwa pale injini inapodai petroli nyingi kwa mkupuo, yaani wakati wa kulipita lori. Hupimwa kwa geji: kwenye IST yenye injini ya 1NZ-FE presha inapaswa kuwa karibu bar 3 hadi 3.4, na isishuke gari linapokanyagwa. Kwenye magari mengi madogo pampu hufikiwa kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Zoezi hilo hurudisha kwa mwenye gari sarafu, kitambulisho cha kura kilichotangazwa kupotea, na biskuti iliyodumu kuliko pampu yenyewe. Chujio la mafuta hubadilishwa papo hapo, na kama presha ni nzuri, nozeli chafu hupelekwa kusafishwa kwenye mashine.

Upande wa ekzosi una mshitakiwa mmoja mkubwa, kifaa cha kusafishia moshi ambacho mafundi hukiita masega. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayogeuza gesi za sumu kuwa zisizo na madhara makubwa. Gari likiendeshwa miezi mingi linamisi, petroli ghafi huungulia humo, masega yakayeyuka na kuziba. Injini iliyozibwa huwaka vizuri na sailensa yake, yaani mzunguko wake bila kukanyagwa, hutulia, lakini haipandi mizunguko inayotakiwa hata ikanyagwe vipi, na chini ya gari huwa na joto la jiko. Kipimo ni kuchomoa sensa ya oksijeni ya mbele, kufunga geji kwenye tundu lake, na kusoma presha ya moshi unaorudi. Moshi wenye njia huacha mshale karibu na sifuri. Kwa gereji isiyo na geji, gari likipata nguvu ghafla wakati sensa imechomolewa, jibu ni hilohilo, ingawa mtaa mzima utakuwa umelisikia pia.

Tiba inayopendwa ni kutoa masega na kuacha bomba tupu. Gari huchanganya, kweli. Hubaki na harufu, sauti ya gari kubwa kuliko lilivyo, na msimbo wa P0420 unaorudi kila ukifutwa. Masega yenyewe huwekwa kando na fundi, ambaye kwa ukarimu hujitolea kwenda kuyatupa. Yana wanunuzi, na wanunuzi hao hulipa vizuri. Mwenye gari akishukuru kwa kuondolewa takataka, fundi huitikia shukrani hiyo kwa heshima zote.

Giaboksi hutambulika kwa mgawanyiko wa sauti na mwendo. Injini ikipanda mizunguko vizuri, bila kukwaruza, na gari likabaki nyuma, nguvu inapotelea njiani. Kwenye gari la gia za mkono ni klachi iliyolika, na harufu yake mlimani haihitaji maelezo. Kwenye gari la otomatiki kwanza hutazamwa oili, wingi wake na rangi yake. Iliyoungua huwa nyeusi na hunuka. Giaboksi ya CVT huchanganya mambo kidogo, kwa sababu ni kawaida yake kuipandisha injini kabla gari halijaifuata. Isiyo kawaida yake ni kuwekewa oili ya giaboksi ya kawaida na fundi anayeamini kwamba oili zote nyekundu ni ndugu. Kwa magari ya dizeli yenye turbo, moshi mweusi mzito na mlio wa upepo unaovuja huelekeza kwenye mpira wa turbo uliochomoka au kupasuka, na kazi huishia kwenye klampu.

Injini yenyewe huchunguzwa mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo ghali. Geji ya mgandamizo hufungwa kwenye tundu la plagi, pedeli ikakanyagwa yote, na stata ikazungushwa. Silinda nzima husoma kwenye bar 12 hadi 15. Iliyo chini ya 10, au iliyoachwa mbali na zenzake, hutiliwa kijiko cha oili na kupimwa tena. Usomaji ukipanda, ringi zimelika. Ukibaki, valvu hazifungi. Oili iliyochelewa sana kubadilishwa huweza pia kuziba mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa valvu, na hapo gari huwa zito pasipo silinda yoyote kuwa mbovu. Gereji inayotamka "ovahooli" kabla ya kutoa geji kwenye sanduku inafaa kuagwa kwa adabu.

Milima mirefu nayo husingizia magari ugonjwa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi hichohicho. Msafiri anayeona gari limelegea baada ya mlima wa Kitonga, akafungua boneti Iringa na kubadilishiwa plagi, hushuhudia muujiza wa plagi hizo akirudi: kila anavyoteremka kwenda Morogoro gari linazidi kupona.

Matengenezo yakikamilika, spea za zamani huombwa na kutazamwa, kisha gari hujaribiwa. Jaribio la fundi peke yake halitoshi. Fundi huondoka na gari saa sita, hurudi saa nane na nusu, taa ya mafuta imewaka, na taarifa ni kwamba liko poa. Gari lijaribiwe na mwenyewe, kwenye mwinuko uleule, AC ikiwa imewashwa na abiria walewale wamekaa. Kama betri ilichomolewa, kompyuta imesahau ilichojifunza na sailensa inaweza kuyumba kwa muda. Msimbo uliofutwa nao hauhesabiwi kuwa umekwisha siku hiyo. Kompyuta huhitaji safari kadhaa kujipima upya, na taa iliyozimwa kwa mashine pekee hurudi katikati ya wiki, pesa ya matengenezo ikiwa imeshaliwa.

Yapo magari yanayofaulu vipimo vyote hivi. Hewa safi, cheche nzuri, presha ya petroli kamili, masega wazi, breki huru, mgandamizo wa kiwandani, na bado Kimara inapandwa kwa kusuasua. Hapo hutazamwa kadi ya gari. Passo yenye injini ya silinda tatu na ujazo wa cc 996 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 71, zilizokusudiwa watu wachache wa Japani na mifuko yao ya sokoni. Watu wazima watano, mtoto mapajani, magunia mawili ya viazi na AC kwenye namba ya mwisho havimo kwenye mahesabu hayo. Gari la namna hiyo halina spea ya kubadilisha, na kinachosaidia ni viazi kutangulizwa kwa basi.